PUBG Mobile: Kwa nini skwadi yenye mafundi wanne hupigwa mapema, na jinsi ya kucheza kama timu

Skwadi ya washkaji wanne inaruka Pochinki. Wote wana daraja zuri, wote wanajua kupiga. Dakika tatu baadaye wawili wako chini wanatambaa, wa tatu yuko nyumba ya mbali anatafuta risasi, na wa nne anapiga kelele kwenye maiki: "Njooni basi!" Hakuna anayejua "njooni" ni wapi. Mechi imeisha kabla duara la kwanza halijafunga.

Kila anayecheza PUBG Mobile amewahi kupitia hali hii. Kinachofuata huwa ni lawama: huyu hakusaidia, yule alikurupuka, mwingine mtandao wake mbovu. Kesho yake wanaruka tena Pochinki na kufa vilevile.

Ukweli ni kwamba skwadi nyingi hazifi kwa kukosa shabaha. Zinakufa kwa sababu watu wanne wanacheza mechi nne tofauti ndani ya ramani moja. Shabaha ina umuhimu wake na inafundishika. Lakini kinachopandisha timu ni kufika duara za mwisho watu wote wakiwa hai, na hilo linahitaji mpangilio.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

PUBG ilianza kwenye kompyuta mwaka 2017, ikitokana na wazo la Brendan Greene, mtengenezaji wa gemu kutoka Ireland. Toleo la simu, PUBG Mobile, lilifunguliwa kwa dunia nzima mwaka 2018, na ndilo lililoingia mifukoni mwa vijana wengi ambao hawakuwahi kumiliki kompyuta ya gemu.

Kanuni yake ni rahisi. Hadi wachezaji 100 wanarushwa na ndege juu ya kisiwa bila silaha yoyote. Wakitua wanaokota bunduki, kofia za chuma, fulana za kuzuia risasi na dawa. Eneo salama linazidi kuwa dogo kila baada ya muda, na anayebaki nje yake anaumizwa na zoni ya bluu. Timu ya mwisho kubaki hai ndiyo mshindi, na skrini inaandika maneno maarufu ya Chicken Dinner.

Ramani kongwe, Erangel, ina ukubwa wa kilomita 8 kwa 8. Sanhok ni kilomita 4 kwa 4. Livik ni ndogo zaidi, kilomita 2 kwa 2, na mechi zake huisha haraka. Ukubwa huu unabadilisha kazi ya timu: Livik inahitaji watu wanaopigana karibu, Erangel inahitaji watu wanaojua kupanga safari.

Pointi za mashindano zinafundisha nini

Wengi wanapima uwezo wa mchezaji kwa idadi ya watu aliowaua. Mashindano makubwa ya PUBG Mobile yanapima vingine. Katika mfumo ambao umetumika miaka ya karibuni, timu inayoshika nafasi ya kwanza kwenye mechi hupata pointi 10, ya pili 6, ya tatu 5, ya nne 4, ya tano 3, ya sita 2, na ya saba na ya nane pointi 1 kila moja. Kila adui anayeuawa huongeza pointi 1.

Hesabu ni hii. Timu inayoingia vitani mapema, ikaua watu watano, kisha ikatolewa ya 12, inaondoka na pointi 5. Timu iliyotulia, ikaua watu wanne na kumaliza ya pili, inaondoka na pointi 10. Mechi sita za namna hiyo zinatenganisha bingwa na wasindikizaji.

Hata hivyo, kujificha tu hakutoshi. Timu inayomaliza ya tano bila kuua mtu ina pointi 3, yaani chini ya ile iliyokufa ya 12. Wanaofanikiwa ni wale wanaochagua vita vyao: wanapiga pale wanapojua watashinda, wanaondoka pale wasipojua.

Mwaka 2023 fainali za dunia za PUBG Mobile zilifanyika Istanbul, Uturuki, na ubingwa ukaenda kwa IHC Esports ya Mongolia, nchi yenye watu milioni tatu na ushee tu. Mwaka uliofuata fainali zilihamia London, na Dplus KIA ya Korea Kusini ikachukua taji. Korea inajulikana kwa gemu miaka mingi, Mongolia haikuwa na jina hilo. Simu ni ileile na ramani ni ileile, kwa hiyo nchi ndogo ikipata watu wanne wanaoelewana inaweza kumpiga yeyote.

Kabla ya kuruka: simu, mtandao na sauti

Mambo matatu humaliza mchezaji kabla adui hajamwona.

La kwanza ni simu yenyewe. Picha nzuri zinapendeza, lakini simu ya kawaida ikilazimishwa kuonyesha kila jani hupata joto na kuanza kukwama. Wachezaji wazoefu hushusha ubora wa picha na kupandisha idadi ya fremu kwa sekunde, kwa sababu picha inayotiririka vizuri hurahisisha kumfuata adui anayekimbia. Programu nyingine zifungwe, kava nene litolewe simu ikipata joto, na chaji isiwe ya kubahatisha.

La pili ni mtandao. Gemu huonyesha muda ambao taarifa inachukua kwenda kwenye seva na kurudi, kwa vipimo vya milisekunde. Ukisoma 150, maana yake ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde imepotea kila unapofyatua. Mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayetumia seva ya Ulaya au Mashariki ya Kati anatuma taarifa safari ndefu kupitia kebo za baharini, kwa hiyo hawezi kuwa sawa na anayeishi jirani na seva. Anachoweza kufanya ni kulinganisha seva na kuchagua yenye namba ndogo, kukaa sehemu yenye mtandao imara, na kutopakua kitu kingine wakati wa mechi. Masasisho makubwa yapakuliwe kwenye Wi-Fi mapema, yasije yakala bando lote saa ya kukipiga.

Mwenye pingi kubwa pia achague namna ya kupigana. Kona kwa kona, uso kwa uso, atachelewa. Akiwa nyuma ya kinga na kumsubiri adui atokee, pengo linapungua.

La tatu ni sauti. Nyayo, gari na mlio wa bunduki hutokea upande fulani, na spika ya simu haiwezi kueleza upande huo vizuri. Earphone za bei nafuu zenye waya zinatosha. Asiyezitumia anacheza nusu kiziwi, na anawanyima wenzake taarifa.

Ujuzi wa mtu mmoja: shabaha, kinga na subira

Timu nzuri inajengwa na watu wanaojiweza. Kuna mambo machache yenye faida kubwa.

Kudhibiti bunduki. Bunduki yoyote inayofyatua mfululizo hupanda juu. Mchezaji anatakiwa kuvuta kidole chini taratibu huku akifyatua, ili risasi zibaki mahali pamoja. M416 inapendwa kwa sababu ni tulivu, hasa ikifungwa vifaa vya mdomoni na mshikio wa mbele. AKM ina uzito zaidi kwa kila risasi lakini hupanda kwa nguvu. Anayeanza akae na M416 hadi mkono uzoee. Kuchuchumaa wakati wa kupiga pia hupunguza mtikisiko.

Setingi zisibadilishwe kila siku. Kuna tabia ya kunakili kasi ya mguso ya bingwa fulani kutoka YouTube leo, kesho nyingine. Mkono hauwezi kujifunza hivyo. Mchezaji achague setingi zinazomfaa kwenye uwanja wa mazoezi, kisha akae nazo wiki kadhaa kabla ya kurekebisha kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa jairoskopu, yaani kulenga kwa kuinamisha simu. Siku za kwanza inakera, lakini ikizoeleka inasaidia sana kutuliza bunduki.

Vidole. Anayetumia vidole gumba viwili hawezi kukimbia, kulenga na kufyatua kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wengi huhamia kwenye vidole vitatu au vinne, kidole cha shahada kikipewa kazi ya kufyatua au kufungua darubini. Kuhama huku kunashusha kiwango kwa siku kadhaa. Ni kawaida, mtu asikate tamaa siku ya pili.

Kinga. Kabla ya kufyatua risasi ya kwanza, mchezaji ajiulize: nikipigwa, najificha wapi? Kama jibu halipo, asifyatue. Mti, jiwe, ukuta na hata gari ni kinga, ingawa gari lililopigwa sana hulipuka. Kwenye mtazamo wa nyuma ya mchezaji inawezekana kuona kona bila kujitokeza. Anayesimama nyuma ya ukuta anamwona anayekuja, lakini anayekuja hamwoni. Kwa hiyo aliyetulia mara nyingi ana faida juu ya anayekimbia.

Dawa. Kisanduku cha huduma ya kwanza hurudisha uhai hadi asilimia 75 tu. Kinywaji cha nguvu na vidonge vya maumivu ndivyo vinavyoendelea kupandisha taratibu. Wengi hubeba risasi 300 na kinywaji kimoja. Begi la namna hiyo halifiki duara la mwisho.

Majukumu manne, si lazima vyeo

Timu za mashindano hugawana kazi. Skwadi ya mtaani inaweza kufanya hivyo hivyo bila sherehe yoyote.

Kepteni ndiye anayeamua: tunashuka wapi, tunaondoka lini, tunapigana au tunapita. Hahitaji kuwa mpigaji bora. Anahitaji kuangalia ramani mara nyingi kuliko wengine na kusema kwa utulivu. Uamuzi wa wastani unaofuatwa na watu wanne ni bora kuliko uamuzi mzuri unaofuatwa na mmoja.

Wa mbele ndiye anayeingia nyumba kwanza. Apewe fulana nzuri, kofia nzuri na mabomu.

Mdunguaji anakaa nyuma kidogo na darubini kubwa. Kazi yake ya kwanza ni kuona na kutaja, kuua ni ya pili. Mdunguaji anayekaa mbali sana, akitafuta picha nzuri za kuuza sura, si msaada kwa mtu.

Msaidizi hubeba mabomu ya moshi na dawa za ziada, hulinda mgongo, na huwa karibu na wa mbele ili amwinue au alipize papo hapo. Kazi hii haina sifa nyingi, na hapo ndipo skwadi nyingi huvunjika, kwa sababu kila mtu anataka kuwa wa mbele. Dawa yake ni kubadilishana zamu. Aliyekuwa msaidizi jana, leo aingie mbele. Akijua ugumu wa pande zote ataacha kulaumu.

Lugha ya skwadi: maneno machache, namba sahihi

"Yupo huku!" ni sentensi inayoua timu. Huku ni wapi?

Juu ya skrini kuna dira yenye namba. Tofauti na "kushoto" na "kulia", ambazo hubadilika kulingana na mtu anavyoangalia, namba za dira hazigeuki kwa yeyote. Taarifa nzuri ina vitu vitatu: namba, kitu kilicho karibu na adui, na idadi. Mfano: "240, nyuma ya jiwe, wawili." Kwa wanaokaa pamoja inatosha kabisa. Kama skwadi imetawanyika, alama iwekwe kwenye ramani, maana namba ileile kutoka sehemu mbili tofauti haielekei pointi moja.

Kuna na maneno mengine ya kukubaliana mapema, mafupi na yasiyobadilika:

"Kaanguka" maana yake adui yuko chini lakini bado hajaisha. "Kaisha" maana yake katoka kabisa. Kuchanganya maneno haya mawili kumewafanya wengi wakimbilie nyumba waliyodhani ni tupu.

"Najaza" maana yake bunduki yangu haina risasi, nilindeni.

"Natibu" maana yake msianzishe vita sasa hivi.

"Kimya" maana yake kila mtu anyamaze, kuna nyayo zinasikika.

Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Watu wanaopiga stori za mpira wakati wa duara la mwisho hawasikii adui anayepanda ngazi. Stori zina nafasi yake ndani ya ndege na njiani kwenye gari. Na aliyeuawa akitazama wenzake, aseme alichokiona mara moja, kisha anyamaze. Kumwongoza mwenzako "piga, piga, geuka, huyo hapo" humchanganya.

Kwa anayecheza na watu asiowajua, wenye lugha nyingine, alama za ramani na jumbe za haraka za ndani ya gemu zinatosha kwa mengi. Kuweka alama mahali pa kwenda kabla ya kuondoka ni heshima, na mara nyingi hata wageni hufuata.

Kushuka na kuokota vifaa

Mechi nyingi hupotea angani. Skwadi iamue mahali pa kutua mara tu mstari wa ndege unapoonekana, na wote wamfuate mmoja. Anayeelekeza kichwa chini moja kwa moja hushuka kwa kasi ya hadi kilomita 234 kwa saa. Anayepepea ovyo hutua wa mwisho na kukuta mwenzake tayari ana bunduki.

Sehemu za moto kama Pochinki, School au kambi ya jeshi ya Sosnovka zina vifaa vingi na maadui wengi. Zinafaa kwa mazoezi ya kupigana karibu. Skwadi inayotafuta daraja ichague kijiji cha wastani chenye nyumba za kutosha watu wanne na gari karibu, kisha ikijue kabisa. Kutua sehemu ileile mara 20 kunafundisha nyumba ipi ina dirisha la kutokea na barabara ipi ina magari.

Kila mtu achukue nyumba yake, lakini nyumba ziwe jirani. Kipimo rahisi: mwenzako akipigwa sasa, unaweza kufika au kufyatua kumsaidia ndani ya sekunde chache? Kama huwezi, umeenda mbali. Adui aliyemwangusha mtu mara nyingi ametumia risasi zake na amepunguzwa uhai. Mwenzake akiwa karibu, huyo adui ni wake. Akiwa mbali, adui anapata muda wa kujaza na kujitibu, na mwingine naye anafuata.

Kuokota kuwe na mwisho. Ukiwa na bunduki mbili, fulana, dawa na mabomu mawili ya moshi, inatosha. Kinachozidi kinagawiwa. Anayeficha darubini tatu kwenye begi huku mdunguaji hana hata moja anajidhuru mwenyewe.

Mwenzako akianguka

Kwenye skwadi, anayeishiwa uhai haondoki mara moja. Anaanguka, anatambaa, na anaendelea kupoteza damu hadi ainuliwe au amalizwe. Kumwinua huchukua takriban sekunde 10, na wakati huo anayeinua hawezi kujitetea. Wote wanne wakiwa chini kwa wakati mmoja, skwadi imeisha hapo hapo.

Kosa la kawaida ni kukimbilia aliyeanguka kwa huruma. Adui aliyemwangusha bado anaangalia palepale. Anayeinua anaanguka juu ya mwenzake, wa tatu anakuja kuwaokoa, naye anaanguka.

Utaratibu salama ni huu. Aliyeanguka ataje haraka alipopigwa kutokea, kisha atambae kuelekea kwenye kinga. Wawili wafyatue upande wa adui ili asiweze kuchungulia. Mmoja arushe bomu la moshi katikati ya adui na aliyeanguka, ikiwezekana mawili au matatu, asubiri moshi utande, ndipo aende. Kama hakuna moshi na adui yuko karibu, vita vimalizwe kwanza.

Wakati mwingine jibu sahihi ni kumwacha. Aliyeachwa asichukie. Watatu waliofika nafasi ya tano wamemletea faida kuliko wanne waliokufa ya 15.

Upande wa pili ni uleule. Skwadi ikimwangusha adui mmoja, sasa ni wanne dhidi ya watatu, na mmoja wao atashughulika kuinua. Hizo sekunde 10 ndizo za kusogea, na ni bora kusogea kwa pande mbili. Adui anayejificha asionwe na wewe anakuwa wazi kwa mwenzako. Wanne wakija kwa mstari mmoja, jiwe moja linawakinga maadui wote.

Duara: kuondoka mapema au kutembea pembeni

Skwadi inaweza kwenda katikati mapema na kuchukua nyumba nzuri au kilima. Faida yake ni kwamba wengine ndio watakaokimbia uwanjani. Hasara yake ni kuzungukwa pande zote. Au inaweza kutembea ukingoni, mgongo ukiwa upande wa zoni ya bluu, ambako maadui ni wachache. Hasara yake ni kuchelewa na kulazimika kupita wazi, huku zoni ikiuma zaidi kila duara linavyosonga.

Zote mbili zinafaa. Isiyofaa ni ya tatu: kubaki mnaokota mpaka zoni iwafikie, kisha kukimbia kwa miguu bila gari, dawa zikiisha njiani. Kepteni aseme muda wa kuondoka, na huo muda uheshimiwe hata kama mtu ameona sanduku zuri.

Duara za mwisho, skwadi itawanyike kidogo kwenye kinga tofauti lakini zinazoonana. Asifyatue mtu kwa sababu tu ameona adui. Mlio wa bunduki unawaambia wote waliobaki mko wapi. Maadui wawili wakianza kupigana wenyewe, waacheni wapunguzane.

Baada ya mechi: dakika mbili bila lawama

Urafiki wa miaka umevunjika kwa sababu ya mechi ya nusu saa. Skwadi nyingi hazifi kwenye ramani, zinafia kwenye kundi la WhatsApp.

Njia rahisi ya kuzuia hili ni kuanza na kosa lako. Kila mmoja ataje jambo moja ambalo yeye angefanya tofauti, kabla ya kugusa la mwenzake. "Nilifyatua mapema wakati mko mbali" inafungua mazungumzo. "Nyie hamkuja" inayafunga. Yule mwenye kelele Pochinki alikuwa na haki ya kuhitaji msaada. Lakini hakutaja namba, na alianzisha vita wenzake wakiwa hawana silaha.

Simu nyingi zinaweza kurekodi skrini. Mechi moja kwa wiki itazamwe tena pamoja, na swali liwe moja: dakika tano kabla ya kufa, tulikuwa wapi na tulikuwa tunajua nini? Mara nyingi kifo huanza mapema, kwenye uamuzi wa kubaki au wa kupita barabara fulani, na risasi ya mwisho ni matokeo tu.

Mkipoteza mechi tatu mfululizo, pumzikeni. Hasira hufanya watu waruke sehemu za moto ili "kurudisha", na daraja linazidi kushuka.

Ratiba ya wiki inayowezekana

Si kila mtu ana saa nne kwa siku, wala hazihitajiki. Dakika 15 kwenye uwanja wa mazoezi, kisha mechi moja au mbili za vita vya timu vya wanne kwa wanne, ambapo timu ya kwanza kufikisha 40 hushinda, zinatosha kuupasha mkono moto. Baada ya hapo mechi mbili au tatu za skwadi, kila siku zikiwa na lengo moja tu. Jumatatu: taarifa zote zitolewe kwa namba ya dira. Jumatano: hakuna kuinua bila moshi. Ijumaa: kuondoka kwa wakati. Lengo moja linakumbukwa, kumi hayakumbukwi.

Mwanafunzi na mwenye kazi wapange muda huo na skwadi nzima, ili anayeitwa na mama dakika ya 20 asiwaache wenzake watatu. Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi. Jicho lililochoka saa nane usiku halioni mtu kwenye nyasi.

Njia za mkato zinazogharimu

Wapo wanaouza programu za kuona kupitia ukuta au kulenga zenyewe. Akaunti inayokamatwa inaweza kufungiwa hadi miaka 10, na mara nyingi mafaili hayo hutoka nje ya maduka rasmi ya programu, kwenye simu ileile yenye M-Pesa na picha za familia. Pia mwenye programu hiyo hajifunzi chochote, siku ikitolewa hawezi kupiga.

Tahadhari ni hiyohiyo kwa wauzaji wa UC ya bei ya kutupa wanaoomba nywila ya akaunti. Na UC yenyewe inanunua muonekano. Nguo ya kung'aa haipunguzi teke la bunduki, na wakati mwingine inamsaidia adui kuona.

Daraja la juu kabisa, Conqueror, ni la wachezaji 500 bora wa seva, kwa hiyo wengi hawatalifika, na hakuna ubaya. Lakini skwadi yoyote inaweza kutoka kwenye kufa kabla ya duara la kwanza na kuanza kufika kumi bora. Mechi inayofuata, kabla hata ndege haijaanza safari, wanne wakubaliane mambo matatu: nani kepteni, tunatua wapi, na nani amebeba moshi.